Leseni ya muto Yadkin: kiwanda kilifungwa, baraji zikabaki za nani?

Tarehe 30 Aprili 2008, leseni ya miaka 50 iliyoruhusu kampuni Alcoa kufanya umeme kwa maji ya muto Yadkin, katika jimbo la North Carolina huko Marekani, ilifika mwisho wake. Mara nyingi tarehe ya namna hiyo inapita bila kelele. Kampuni inaomba leseni mupya, wenye kupenda samaki wanasema neno lao, wenye nyumba pembeni ya ziwa wanasema lao, karatasi inatiwa sahihi, turbini zinaendelea kuzunguka. Kwa Yadkin haikuenda vile. Mabishano yalidumu zaidi ya miaka minane, yakapita mikononi mwa magavana wa vyama vinavyopingana, bunge la jimbo, na tribinali moja nyuma ya ingine.

Swali lenyewe si gumu kulielewa. Kampuni ilitumia muto juu ya kuendesha kiwanda, na kiwanda kilileta kazi. Kisha kiwanda kikasimama, lakini umeme ukaendelea kutoka, na kampuni ikawa inauuza. Je, kampuni hiyo ipewe tena muto kwa miaka mingine mingi, ao wakaaji wa jimbo waurudishe mikononi mwao?

Muji uliojengwa juu ya umeme

Muto Yadkin unaanzia ku milima ya Blue Ridge na kuteremka upande wa kusini. Pahali unapokutana na muto Uwharrie unabadilisha jina, unaitwa Pee Dee, kisha unaingia jimbo la South Carolina na kumaliza safari yake ku bahari ya Atlantiki. Mbele kidogo ya kukutana na Uwharrie, maji yalikuwa yanapita kwa nguvu katika bonde jembamba la mawe. Watu wa pale walipaita Narrows, ni kusema pahali pa kubanana.

Wa kwanza kupatamani walikuwa Wafaransa. Kampuni yao ilifika mbele ya vita vya kwanza vya dunia, ikaanza kujenga baraji na muji wa wafanyakazi. Vita vilipolipuka mwaka 1914, pesa za Ulaya zikakatika, kazi ikaachwa katikati. Alcoa ikanunua vyote mwaka 1915. Kwa Wafaransa kulibaki jina tu: muji unaitwa Badin hadi leo, kwa jina la Adrien Badin, mukubwa wa kampuni ile.

Alcoa ilimaliza baraji ya Narrows mwaka 1917, ikaongeza Falls mwaka 1919, High Rock mwaka 1927, na ya mwisho, Tuckertown, mwaka 1962. Zote nne zinafuatana katika kipande cha muto cha kilometa 60 hivi, na pamoja zina uwezo wa karibu megawati 210. Ili msomaji apate kipimo: Ruzizi ya kwanza na Ruzizi ya pili, hata ukiziunganisha, hazifiki megawati 75.

Umeme ule wote ulikuwa na kazi moja. Kutoa aluminiamu, ile ya masufuria na ya ndege, ndani ya udongo wake kunataka umeme kupita kiasi: kilo moja peke yake inakula kilowati-saa 13 hadi 15. Ndiyo maana viwanda vya aluminiamu vinaenda kutafuta mito, hata porini. Watu wa Katanga hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Baraji ya Mwadingusha, ku muto Lufira, ilianza kazi mwaka 1930, na ni Union Minière iliyoijenga juu ya shaba yake. Taa za nyumba za watu hazikuwa sababu.

Ku Badin, katika miaka mizuri, kiwanda kilikuwa na wafanyakazi karibu elfu moja. Kampuni ndiyo iliyojenga nyumba na kupanga barabara. Muji wenyewe uligawanywa kufuatana na rangi ya ngozi, kama ilivyokuwa desturi ya kusini mwa Marekani wakati ule: wafanyakazi weusi waliwekwa West Badin, na kazi za vyumba vya joto kali, ambamo metali inayeyushwa, ziliangukia mara nyingi kwao.

Mwaka 2002 Alcoa ilisimamisha kuyeyusha metali pale. Wafanyakazi waliobaki walipungua mwaka kwa mwaka, na kiwanda hakikuwashwa tena. Baraji hazikuwa na sababu ya kusimama. Umeme ambao zamani ulimalizikia ndani ya tanuru za Badin ukapelekwa ku soko, ukauzwa kwa kampuni zingine za umeme.

Leseni inatoa nini, na haitoi nini

Marekani ina sheria ya mwaka 1920 juu ya umeme wa maji. Wazo lake ni kwamba mutu binafsi anaweza kuwa mwenye ukuta wa baraji, mwenye turbini, hata mwenye ardhi ya pembeni, lakini haki ya kutumia muto wenyewe anaipata kwa muda tu, na muda huo haupiti miaka 50. Kwa baraji za Yadkin, leseni moja ya kuzifunika zote ilitolewa mwaka 1958 tu, wakati tatu kati yazo zilikuwa zimeisha kuzeeka.

Anayetoa leseni ni tume ya serikali kuu ya Washington inayosimamia mambo ya nishati, inayojulikana kwa herufi FERC. Gavana wa jimbo hana kalamu hiyo. Leseni inapokaribia mwisho, kampuni inapashwa kutoa taarifa miaka 5 mbele, na kuleta ombi lenye vitabu vyote vya uchunguzi miaka 2 mbele. Kuna milango mitatu. FERC inaweza kurudishia leseni kwa mwenyewe wa zamani. Inaweza kuipa mutu mwingine aliyeleta ombi la kushindana, ikiwa aliwahi kulileta katika muda uliowekwa. Ao serikali kuu yenyewe inaweza kuchukua baraji na kumulipa mwenyewe.

Mlango huo wa tatu ndio uliowasha watu mioyo, sababu ya bei. Sheria inasema mwenyewe analipwa pesa alizoweka na ambazo hazijarudi katika vitabu vyake vya hesabu, pamoja na fidia ya hasara itakayopata mali yake inayobaki. Bei ya soko haihesabiwi. Kwa baraji zenye miaka 80 ao 90, tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni kubwa sana, na Alcoa na wapinzani wake hawakukubaliana hata siku moja juu ya kiasi. Lakini mlango huo, tangu sheria iandikwe, karibu haufunguliwi. Unabaki mu kitabu.

Toka mwaka 1986, FERC inapashwa pia kuweka mizani sawa kati ya umeme na mambo mengine: samaki na wanyama, mahali pa watu kujipumzisha, ubora wa mazingira. Kuna hata kipande cha sheria kinachosema kwamba, ikiwa mwenye kuomba anatumia umeme kwa kiwanda chake mwenyewe, tume iangalie hali itakayokipata kiwanda, wafanyakazi wake na wakaaji wa pale. Kipande hicho kiliandikwa kwa kulinda kiwanda kinachofanya kazi. Juu ya kiwanda kilichofungwa, hakisemi neno. Mabishano ya Yadkin yote yalipita katika tundu hilo.

Kwetu Congo, sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua kazi ya umeme kwa watu binafsi, na inatumia nayo mikataba ya konsesio yenye muda. Mikataba hiyo bado michanga. Ya Yadkin ilikuwa imezeeka, ndiyo maana inaonyesha mambo ambayo mukataba muchanga hauwezi kuonyesha.

Meza ya kwanza

Alcoa ilileta ombi lake mwaka 2006, katika muda unaotakiwa. Hakuna aliyeleta ombi la kushindana, wala jimbo la North Carolina. Hapa ndipo jimbo lilijikwaa, na halikuamka tena vizuri.

Kampuni ilikuwa imekaa ku meza na watu wengi, na kazi ile haikuwa ya mchezo. Wenye nyumba pembeni ya ziwa High Rock walikuwa na kilio cha miaka mingi: ziwa lao lilikuwa linapandishwa na kushushwa kufuatana na mahitaji ya turbini, na wakati wa ukame mukubwa wa 2002 maji yalishuka mpaka mitumbwi na vikwezo vyao vikabaki juu ya matope. Walitaka kiwango cha maji kiandikwe. South Carolina, ambayo inakunywa na kumwagilia kwa maji yanayotoka juu, ilitaka uhakika wa maji ya kutosha kuteremka kila wakati. Mashirika ya kulinda mazingira yalitaka ardhi ya pembeni ya muto ihifadhiwe, sehemu yake iongezwe ku hifadhi ya Morrow Mountain.

Mwaka 2007 zaidi ya mashirika na idara ishirini vilitia sahihi makubaliano. Kati yao mulikuwa idara ya mazingira ya North Carolina yenyewe. Kila mumoja alipata kitu chake. Ukisoma makubaliano yale unaona mambo ya viwango vya ziwa, vya maji ya kuteremka, vya njia za kushushia mitumbwi, vya ardhi. Faida ya kuuza umeme iende wapi, hilo halimo. Wale waliokaa ku meza hawakulileta, na sheria haikuwalazimisha kulileta.

Stanly inakataa

Aliyelileta ni Stanly. Ni kaunti, tuseme kama teritware kwetu, ndiyo yenye muji wa Badin ndani yake. Viongozi wake walikataa kutia sahihi. Walisema kampuni ilipewa muto kwa sababu ilikuwa inalisha watu; sasa hailishi mutu, na faida inatoka nje ya jimbo kila mwaka, wakati Badin inabaki na majengo matupu na udongo wenye sumu.

Mambo ya sumu hayakuwa maneno tu. Tanuru za aluminiamu zinafunikwa ndani kwa kaboni, na kaboni hiyo ikizeeka inatupwa ikiwa imenywa sianidi na floridi. Kwa miaka mingi takataka za namna hiyo zilitupwa na kufukiwa karibu na kiwanda, katika sehemu zilizo jirani na makao ya West Badin. Mwaka 2009 jimbo likatoa tahadhari juu ya kula samaki wa ziwa Badin, kwa sababu ya PCB, kemikali zilizotumiwa zamani ndani ya mafuta ya transfoma na mashini. Wafanyakazi wa zamani ambao walikuwa wanavua pale wikendi hawakuhitaji avoka wa kuwaeleza maana ya karatasi ile.

Kilio cha Stanly kikafika ku makao makuu ya jimbo. Gavana Beverly Perdue, wa chama cha Wademokrati, aliyeingia kazini Januari 2009, akasimama wazi: maji ya Yadkin ni ya wakaaji wa North Carolina, na serikali kuu iyachukue kwa niaba yao. Katika Seneti ya jimbo ukapita mupango wa sheria wa kuunda shirika la uma ambalo lingesimamia baraji na kutumia faida kwa maendeleo ya bonde. Mwezi wa Agosti 2009 Baraza la Wawakilishi likaukataa.

Waliokataa hawakuwa wote marafiki wa Alcoa. Wengi waliogopa jambo lingine: serikali ikichukua mali ya kampuni leo kwa sababu kampuni imepunguza kazi, nani atakuja kujenga kiwanda kesho? Alcoa ilipiga ngoma hiyo kwa nguvu. Ilisema ilinunua ardhi kwa pesa zake, ilijenga kwa pesa zake, ililipa kodi karibu miaka mia moja, na kwamba leseni ni ya kufanya umeme. Haikuandikwa kwamba tanuru ziwake milele. Juu ya neno hilo la mwisho ni vigumu kusema ilidanganya. Wapinzani walikuwa na kumbukumbu ya ahadi, kampuni ilikuwa na karatasi. Wenye nyumba za ziwa High Rock, wao, walitaka tu leseni itoke haraka, maana kiwango chao cha maji kilikuwa kimefungiwa ndani ya makubaliano. Wakaaji wa muto mumoja, na kila mutu na kilio chake.

Cheti cha maji

Jimbo halina kalamu ya leseni, lakini lina ufunguo mumoja. Sheria ya Marekani juu ya usafi wa maji inasema FERC haiwezi kutoa leseni ya baraji bila cheti cha jimbo kinachothibitisha kwamba maji yatakayotoka yatafuata viwango. Hapo ndipo vita viliposhukia.

Tatizo la maji ya Narrows ni la oksijeni. Katika ziwa refu, maji ya chini kabisa yanakaa baridi bila kugusana na hewa, hasa wakati wa joto, na oksijeni inaisha ndani yake. Turbini zikiyavuta na kuyatupa chini ya baraji, samaki wa pale wanakosa pumzi. Dawa inajulikana: kuingiza hewa ndani ya maji yanapopita ku turbini. Alcoa ilisema itafanya hivyo.

Cheti cha kwanza kilitolewa 2007, kikaanguka juu ya kosa la kutotangazia watu vizuri. Kingine kikatolewa Mei 2009. Stanly na shirika la walinzi wa muto wakakishitaki. Katika kesi hiyo zikatoka barua za ndani za kampuni, na tarehe 1 Desemba 2010 jimbo likafuta cheti, likisema Alcoa ilificha habari juu ya uwezo wa vifaa vyake kufikisha oksijeni inayotakiwa. Kampuni ikapinga. Ilikuwa imekwenda pia ku Korti ya Rufaa ya Washington kusema jimbo limechelewa kupita mwaka mumoja unaoruhusiwa, kwa hiyo limepoteza haki yake. Mwaka 2011 korti ikakataa hoja hiyo.

Wakati huo wote, baraji ziliendelea kufanya kazi kwa leseni za mwaka mumoja mumoja, ambazo sheria inazitoa yenyewe mpaka uamuzi upatikane. Angalia hesabu: kila mwaka wa mabishano ulikuwa mwaka wa kuuza umeme kwa masharti ya 1958, bila viwango vipya vya ziwa na bila ardhi ya hifadhi. Wapinzani walifunga mlango, lakini aliyekuwa ndani ya nyumba ni kampuni.

Na upinzani ukaanza kupasuka. Mwaka 2013 Stanly yenyewe, iliyoanzisha yote, ikapatana na Alcoa na kuacha kupinga leseni. Ilikuwa imetumia pesa nyingi kwa maavoka, na uchaguzi ulikuwa umebadilisha viongozi. Wengi katika teritware waliona aibu, wengine walisema afadhali kitu mkononi.

Nani mwenye chini ya muto?

Wakati Stanly inatoka, jimbo likaingia kwa mlango mwingine. Gavana alikuwa amebadilika: Pat McCrory, wa chama cha Warepublika, chama ambacho watu walifikiri kitaunga mukono kampuni. Mwezi wa Agosti 2013 serikali yake ikapeleka Alcoa ku tribinali na swali jipya kabisa. Iliacha kuuliza maji ni ya nani, ikauliza: udongo wa chini ya maji ni wa nani?

Hoja ilikuwa hivi. Katika sheria ya Marekani, chini ya muto unaopitika kwa mitumbwi ni mali ya jimbo, toka siku jimbo lilipojitawala. Ikiwa Yadkin ulikuwa unapitika wakati ule, basi Alcoa ilijenga juu ya udongo wa watu wote, na karatasi zake za kununua ardhi pale chini hazina nguvu. Siku zile zile idara ya mazingira ikakataa cheti cha maji, ikisema kwanza ijulikane nani mwenye udongo.

Kesi ikahamia tribinali ya serikali kuu. Wanahistoria wakaletwa, ramani za zamani zikafunguliwa, watu wakabishana juu ya safari za mitumbwi za miaka ya 1700. Mawe ya Narrows, ambayo Wafaransa waliyapenda, ndiyo yaliyotoa ushuhuda mbaya kwa jimbo: pahali penye maporomoko ya kutosha kufanya umeme ni vigumu kupaita njia ya mitumbwi. Mwaka 2015 mwamuzi akasema kipande hicho cha muto hakikuwa kinapitika, na Alcoa ndiyo mwenye udongo. Jimbo likakata rufaa. Aprili 2017 Korti ya Rufaa ikathibitisha.

Juu ya cheti, mwamuzi wa mambo ya utawala alisema ugomvi wa udongo si sababu ya kukataa cheti cha maji. Kikatolewa mwishoni mwa mwaka 2015. Tarehe 22 Septemba 2016 FERC ikaipa Alcoa leseni mupya, ya miaka 38. Mlango wa tatu, ule wa serikali kuu kuchukua baraji, haukufunguliwa. Bunge la Washington halikuukaribia.

Leseni ikatoka, mwenyewe akauza

Kile kilichofuata ndicho watu wa Stanly wanakumbuka kuliko kesi zote. Mbele hata ya FERC kutia sahihi, mu mwezi wa Julai 2016, Alcoa ilikuwa imetangaza kwamba inauza baraji zote nne. Mauzo yalimalizika Februari 2017, kwa bei iliyopita dola milioni 200. Munuzi alikuwa Cube Hydro, kampuni ya kusimamia baraji iliyokuwa mikononi mwa wenye mitaji binafsi, isiyokuwa na kiwanda chochote cha kulisha. Karibu miaka minane kampuni ilibisha kwamba baraji ni sehemu ya maisha yake, na miezi mitano nyuma ya kupata leseni ikaondoka. Hakuna sheria iliyovunjwa: leseni inaweza kuhamishwa kwa mwingine FERC ikikubali, nayo ilikubali.

Mwaka 2019 Cube Hydro nzima ikauzwa tena, pamoja na baraji zake zingine, kwa dola bilioni 1 na zaidi. Munuzi wa safari hiyo ni Ontario Power Generation. Huyu si mutu binafsi. Ni kampuni ya umeme ambayo mwenyewe ni serikali ya jimbo la Ontario, katika inchi ya Kanada. Kwa hiyo baraji za Yadkin leo ni mali ya serikali, jambo lile lile ambalo wabunge wa North Carolina waliliogopa mwaka 2009, isipokuwa kwamba ni serikali ya watu wengine.

Masharti ya leseni hayakubadilika kwa mauzo. Ziwa High Rock lina kiwango chake kilichoandikwa. Maji ya South Carolina yanateremka kwa kipimo. Waliokaa ku meza mwaka 2007 walipata karibu vyote walivyoomba, ila kwa kuchelewa.

Alcoa iliuza baraji, lakini uwanja wa kiwanda cha zamani na takataka zake vilibaki juu yake. Wakaaji wa West Badin, wengi wao watoto na wajukuu wa wale waliofanya kazi ya vyumba vya joto, wameendelea kudai usafi wa vijito vinavyopita karibu na pale takataka zilipofukiwa. Madai hayo yana idara zake na sheria zake, na hayamo ndani ya leseni ya umeme.

Leseni ya sasa itamalizika mwaka 2055. Taarifa ya kwanza ya atakayetaka kuendelea inapashwa kutolewa miaka 5 mbele, ni kusema mwanzoni mwa 2050, na atakayetaka kushindana naye awe ameleta ombi lake miaka 2 mbele ya tarehe ya mwisho.